Masikio ya Mjomba Hayana Kosa

Kwa watu wanaopenda vyombo vya muziki kuna sentensi moja isiyokufa: valvu ina joto, transista ina baridi. Muuza duka anaisema, mhakiki anaiandika, mteja anaibeba hadi nyumbani na kuirudia kwa wageni. Mimi nasoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa umeme, na sina ugomvi na mtu anayependa valvu. Zinapendeza. Usiku ukizima taa ya sebuleni zinabaki zinawaka kama makaa yaliyosahauliwa jikoni. Ugomvi wangu ni na hiyo sentensi. Kwa spika za kawaida ni porojo tu, haimuui mtu. Ikifika kwenye spika za utepe inageuka kuwa ushauri wa kununua, na ushauri huo unawala watu fedha, unawaunguzia vyombo, na kinachoniudhi zaidi, unawafanya watu wazima wayatilie shaka masikio yao wenyewe.

Tuanze na utepe, maana wengi wanaobishana juu yake hawajawahi kuuona ukiwa nje ya fremu.

Spika unayoijua ina koni ya karatasi au plastiki. Nyuma ya koni kuna koili ya waya, na koili imekaa ndani ya sumaku. Umeme unapita kwenye koili, koili inasukuma koni, koni inasukuma hewa. Spika ya utepe inafupisha safari hiyo. Inachukua ukanda wa alumini, mwembamba kuliko foili ya kufungia chakula, inauning'iniza kati ya sumaku, kisha umeme unapitishwa ndani ya ukanda wenyewe. Ukanda ndio koili, na huohuo ndio koni. Wazo si la jana. Walter Schottky na Erwin Gerlach walilifanyia kazi Ujerumani, Siemens, mwaka 1924, na katika wazo hilohilo zikapatikana maikrofoni za utepe ambazo waimbaji wa redio wa Marekani walisimama mbele yake katika miaka ya 1930. Kwa kuwa hakuna kitu kizito cha kukianzisha wala kukisimamisha, utepe mzuri una wepesi ambao koni chache sana zinaupata. Uzi wa kanuni ukikwaruzwa, unasikia kwanza ukucha, kisha uzi, kisha mbao.

Wepesi huo una bei yake. Kata ukanda wa alumini wenye urefu wa mita 1, upana wa sentimita 1 na unene wa maikromita 10, halafu piga hesabu ya fizikia ya sekondari: ukinzani wake ni omu 0.28 hivi. Spika ya dukani ina omu 4 au 8. Kwa amplifaya, omu 0.28 hazina tofauti kubwa na waya mbili zilizogusana. Kwa hiyo kila mtengenezaji wa spika za utepe lazima aamue ataudanganya vipi umeme. Wengine wanaweka transfoma katikati. Transfoma ya uwiano wa 5 kwa 1 inazidisha ukinzani mara 25, na omu 0.28 zinaonekana kama omu 7, amani inapatikana. Wengine wanabandika foili au waya juu ya karatasi ya plastiki, wanaipeleka juu na kuirudisha chini mara nyingi, njia ya umeme inakuwa ndefu na ukinzani unapanda wenyewe. Hiyo ya pili watu wazima wa fani wanaiita utepe nusu, ingawa madukani vyote vinauzwa kwa jina moja.

Na wengine walikataa kumbembeleza mtu. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ya Apogee Acoustics ya Massachusetts, Marekani, ilitoa spika iitwayo Scintilla iliyojulikana kwa kuwa na omu 1 hivi. Omu moja! Weka volti 10 kwenye spika ya omu 8: unapata ampea 1.25 na wati 12.5, muziki wa mezani. Weka volti 10 hizohizo kwenye Scintilla: ampea 10, wati 100. Na huo si mwisho, maana amplifaya ya transista haitoi volti 10 bure. Tuseme ndani yake kuna umeme wa volti 50. Zile volti 40 zinazobaki zinakaa kwenye transista zenyewe, na zikizidishwa kwa ampea 10 ni wati 400 za joto, kwa wakati huo, ndani ya vipande vya silikoni ambavyo ukivikusanya vyote vinaenea kwenye kiganja. Kwa spika ya omu 8 joto hilo lingekuwa wati 50. Basi ndiyo maana amplifaya nyingi nzuri, zenye sifa na udhamini, ziliingia nyumba zenye Scintilla zikiwa hai na kutoka zikiwa maiti.

Sentensi ya joto na baridi inasemaje juu ya hilo? Haisemi kitu. Haina mahali pa kuweka ampea.

Waliojibu swali la Scintilla walijibu kwa chuma. Krell, kampuni ya Dan D'Agostino iliyoanza mwaka 1980, ilitengeneza amplifaya za transista zilizojulikana kwa jambo moja: ukipunguza omu kwa nusu, nguvu inadabo. Wati 100 kwenye omu 8, 200 kwenye omu 4, 400 kwenye omu 2. Kwa karatasi inaonekana rahisi, ndivyo kanuni ya Ohm inavyotaka. Kwa vitendo inataka transfoma ya umeme nzito kama jiwe la kusagia, na transista nyingi zinazogawana mzigo kama wapagazi. Krell na Apogee zikawa jozi inayotajwa pamoja kama wali na maharage. Watu wakasikiliza, wakapenda, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, kwa sababu badala ya kusema "spika hii inataka ampea", wakasema "utepe unataka transista". Sentensi mbili tofauti kabisa. Ya kwanza inapimika. Ya pili ni kabila.

Kabila la pili nalo lina hadithi yake ya asili, na mimi naiona nzuri zaidi. Jim Winey, aliyekuwa mhandisi wa 3M, alianzisha Magnepan huko Minnesota mwaka 1969 na kuanza kuuza paneli ndefu, bapa, kama milango iliyosahau nyumba. Mwaka 1970, katika jimbo hilohilo, William Z. Johnson alianzisha Audio Research, kampuni iliyoshikilia valvu wakati dunia nzima inazitupa. Miaka ya mwanzo Audio Research ndiyo iliyosambaza paneli za Magnepan. Ukienda kuzisikiliza, unazisikia zikiendeshwa na valvu za msambazaji, bila shaka, angekuwekea za nani? Huo ndio mwanzo wa imani kwamba paneli na valvu ziliumbwa pamoja. Ujirani na biashara. Siwalaumu, na nasikia wivu kwa waliokuwepo. Lakini anayesimulia ndoa hiyo kama kudra huwa hataji kwamba katikati ya miaka ya 1970 Audio Research walikuwa na D-150, amplifaya ya valvu yenye wati 150 kwa kila upande. Johnson alijua paneli zake zinakula nini. Hakuzilisha wati 8 na kuuita ushairi.

Sasa niwalete kwa mjomba wangu.

Aliondoka Unguja akiwa kijana, yuko Muscat, amestaafu. Huyu ni mtu aliyekulia karibu na mazoezi ya taarabu, anayeweza kukuambia fidla ya tatu imechelewa kabla mpigaji mwenyewe hajajua. Mwaka juzi alinunua paneli za omu 4, zimetumika, kutoka kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Akaenda duka moja la vyombo akauliza amplifaya. Wakamuuzia ya valvu, wati 15, kwa bei ambayo shangazi mpaka leo hajaambiwa yote. Kijana wa dukani alimwambia utepe na valvu ni damu moja.

Akanitumia ujumbe wa sauti. "Mwanangu, udi ukiwa peke yake, mie namsikia mpigaji mpaka pumzi. Wakishaingia fidla zote, sauti inapaliwa. Kama mtu mwenye mafua anayeimba." Alirudi dukani. Wakamuuzia waya mpya za spika. Alirudi tena. Wakambadilishia valvu, akalipa. Mara ya tatu yule kijana akamwambia: mzee, masikio yako yamezoea transista, yape miezi sita yatakomaa.

Nilimpigia. Shikamoo mjomba, marahaba mwanangu, na kabla sijasema neno akaniuliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kama kuna daktari mzuri wa masikio ninayemjua.

Mtu wa miaka sabini na ushei, masikio yaliyomlea maisha yake yote, na kijana mwenye kompyuta ya mauzo amemfanya atafute daktari. Nikamwambia mjomba asiende popote, anisomee karatasi ya paneli na karatasi ya amplifaya.

Karatasi ya paneli ilisema desibeli 86 kwa volti 2.83, kwa umbali wa mita 1. Namba hiyo ina mtego mdogo ambao wauzaji wanaupenda. Volti 2.83 kwenye omu 8 ni wati 1. Kwenye omu 4 ni wati 2. Kwa hiyo paneli ile, kwa wati moja ya kweli, inatoa desibeli 83. Ongeza nguvu mara kumi, unapata desibeli 10 zaidi. Ongeza mara mbili, unapata 3 tu. Wati 15 zinakupeleka desibeli 95 hivi, na hapo ndipo ukuta ulipo. Kundi kamili la taarabu, fidla, akodiani, besi na waitikiaji, lina vilele vinavyopita wastani wake kwa desibeli 15 bila taabu. Toa 15 kwenye 95. Wastani wa 80, ukisimama mita moja mbele ya spika, na mjomba anakaa mita nne. Zaidi ya hapo kila kilele kinakatwa kichwa.

Na valvu zikikata kichwa hazipigi kelele kama transista. Zinakikunja, zinakilainisha, fidla kumi zinaanza kuchanganyika kama rangi kwenye maji. Hii ndiyo sababu mchezo unaendelea. Transista ikielemewa inakwaruza na kila mtu anajua kuna tatizo. Valvu ikielemewa inanenepa, na muuzaji ana jina la unene huo: joto. Mjomba aliita mafua. Mjomba ndiye aliyekuwa sahihi, na alikuwa sahihi bila mita wala hesabu.

Jirani yake alikuwa na amplifaya ya transista ya zamani inayotoa wati 200 kwenye omu 4. Waliifunga Ijumaa baada ya swala. Nilitumiwa ujumbe wa dakika nne ambao ndani yake hakuna neno hata moja, ni muziki tu, na mjomba anakohoa mara mbili.

Najua kabila la transista wanashangilia hapa. Wasishangilie. Amplifaya ya valvu ya wati 150 ingefanya kazi ileile, na hata ile ya wati 15 ingemtosha mtu anayesikiliza udi peke yake usiku. Kilichoshinda ni wati.

Lakini niende mbali zaidi, maana kuna hoja ambayo haisemwi na inavunja sentensi ya joto na baridi mahali pake penyewe. Hilo joto la valvu, pale lisipokuwa kuelemewa, linatoka wapi? Sehemu kubwa linatoka kwenye jambo la kawaida sana. Kila amplifaya ina ukinzani wake wa ndani, unaojionyesha kule inakotoa umeme. Transista nzuri: chini ya omu 0.1. Valvu, hasa zile zisizotumia marejesho mengi: omu 2, wakati mwingine 3. Ukinzani huo unagawana volti na spika, na mgawanyo unategemea spika ina omu ngapi kwenye noti ile. Spika ya boksi si omu 8 kila mahali, hiyo ni namba ya kubandika tu. Inaweza kushuka hadi omu 3 kwenye noti moja na kupanda hadi 30 kwenye nyingine. Ukiifunga kwenye valvu yenye omu 2, noti ya omu 30 inapoteza nusu desibeli, na noti ya omu 3 inapoteza desibeli 4.4. Tofauti ya karibu desibeli 4, sikio lolote linaisikia. Amplifaya imegeuka kuwa kitasa cha besi na trebo ambacho hakuna aliyekigusa. Ukikipenda, umekipenda, mimi sina neno.

Sasa weka paneli ya omu 4 iliyo karibu tambarare, ambayo ukiacha pale masafa yanapogawanywa kati ya besi na utepe haipandi wala kushuka sana. Valvu ileile ya omu 2 inaipunguza kwa desibeli 3.5 kwenye noti hii, 3.5 kwenye ile, 3.5 kila mahali. Yaani inapunguza sauti basi. Zungusha kitasa kidogo, imerudi. Kwa hiyo spika ambayo wauzaji wanasema inahitaji joto la valvu kuliko nyingine zote ndiyo spika ambayo valvu ina la kusema dogo kuliko nyingine zote. Nilipolipigia hesabu hili mara ya kwanza nilicheka peke yangu maabara, mwenzangu akadhani nimeunguza kitu.

Kabila la transista nalo lina neno lake tukufu: kushika. Eti ukinzani mdogo wa ndani unaishika spika na kuizuia isiendelee kutikisika. Kwa koni nzito yenye koili kubwa, kuna ukweli. Koni ikitikisika inazalisha umeme wake, umeme huo unarudi kwenye amplifaya, na amplifaya yenye ukinzani mdogo inauzima. Lakini kule kupanda hadi omu 30 kwa spika ya boksi ndiyo alama ya umeme huo unaorudi. Paneli isiyopanda inakuambia kwamba umeme unaorudi ni kidogo mno. Hakuna cha kushika. Anayelipia namba kubwa ya kushika kwa ajili ya paneli kama hiyo amenunua breki za lori akafunga kwenye baiskeli.

Mwaka 1985 mhandisi Bob Carver aliwaambia wahariri wa jarida la Stereophile kwamba anaweza kuifanya amplifaya yake ya transista, ya bei ya kawaida, isikike sawa na amplifaya yoyote watakayomletea. Wakamletea ya valvu, ya bei kali. Akajifungia nayo Santa Fe kwa siku chache, akalinganisha zote mbili kwa kuzifanya zifutane, akapima kinachobaki, akarekebisha, akapima tena. Mwisho wahariri hao, watu ambao maisha yao yalikuwa kusikiliza, walikiri kwamba hawawezi kuzitenganisha. Ningetarajia baada ya hapo mjadala wa joto na baridi ufe kwa aibu. Haukufa. Carver mwenyewe alikwenda akauza amplifaya kubwa za valvu ziitwazo Silver Seven, akauza za transista zilizoigizwa kutoka kwazo, na akatengeneza spika yenye utepe mrefu wa mita moja na nusu hivi. Baadaye amplifaya zake za Sunfire zilikuwa na matundu mawili ya spika: la kawaida, na la pili lenye ukinzani wa omu 1 hivi, kwa wanaotaka tabia ya valvu. Tabia nzima ambayo watu wanaiandikia tenzi iliwekwa kwenye tundu la nyuma, chagua unalotaka. Namheshimu kwa hilo kuliko wahakiki wote niliowasoma.

Isieleweke kwamba nasema amplifaya zote ni sawa. Wapo wanaosema hivyo, wahandisi wenzangu hasa, kwa kiburi cha mtu aliyesoma ukurasa mmoja. Wamwambie mwenye Scintilla. Zipo tofauti kubwa zinazouma, na nyingine ziko upande wa valvu. Transista ikifa, mara nyingi inakufa kwa shoti na kumwaga umeme wa moja kwa moja kwenye spika, na ukanda wa maikromita 10 hauna muda wa kuaga. Valvu zinapitia transfoma, na transfoma haipitishi umeme wa namna hiyo, kwa hiyo amplifaya inakufa peke yake. Kwa upande mwingine, transista inaogopa waya zilizogusana, na amplifaya ya valvu inaogopa waya uliochomoka: ukiiwasha na muziki bila spika, transfoma yake inaweza kujipiga cheche ndani na kuungua. Mambo haya muuzaji angepaswa kuyasema kabla ya kumaliza kusalimia. Mjomba hakuambiwa hata moja.

Kuna na suala la umeme wa ukutani, ambalo majarida ya Ulaya na Marekani hawaligusi kwa sababu nadhani hawanunui uniti. Amplifaya ya Daraja A, iwe ya valvu au ya transista, inakula umeme wake wote hata muziki ukiwa kimya. Kwa nadharia, katika hali nzuri kuliko zote, inatoa nusu tu ya inachokula. Wati 50 kila upande maana yake wati 200 kutoka ukutani, saa zote, na kwa vitendo ni zaidi. Saa tano za jioni, uniti nzima imekwenda, na chumba kimekuwa tanuri. Kwa Minnesota mwezi wa Januari ni faida. Kwa Dar es Salaam mwezi huohuo utawasha na feni, na feni utaisikia kwenye utepe kwa uwazi wa kushangaza.

Wanaonipinga wananiambia naua raha, kwamba muziki si hesabu. Mimi siudai muziki uwe hesabu. Nadai bei iwe hesabu. Ukiniuzia mchele utaupima, hutaniambia una roho nzuri. Lugha ya joto, roho, damu moja na masikio yaliyokomaa ina kazi moja dukani: inahamisha kosa kutoka kwenye mashine kwenda kwa mteja. Mashine haijashindwa, wewe ndiye hujafika. Na ukishakubali hujafika, utanunua waya, utanunua valvu, utanunua kila kitu ili ufike. Vijana tunaoanza kununua vyombo vya mitumba kwa mishahara ya kwanza ndio tunaoliwa sana, maana tunaogopa kuonekana washamba. Ushamba ukiwa kuuliza ampea, mimi mshamba.

Kwa hiyo nataka namba nne ziandikwe, na zisomwe kwa mteja. Kwa spika: omu zake za chini kabisa, na ziko kwenye masafa gani, si ile 4 au 8 ya kubandika. Kwa spika tena: desibeli kwa wati 1 ya kweli. Kwa amplifaya: wati kwenye omu 8, 4 na 2, na kama 2 haziwezi, iandikwe haziwezi. Ya nne ni ukinzani wa ndani wa amplifaya, ambao karibu hakuna anayeuandika. Kuupata kunataka rezista mbili nene, ya omu 8 na ya omu 4, na mita ya volti. Unapiga noti moja kwa sauti ndogo, unapima volti kwenye rezista ya kwanza, unazima, unabadilisha, unapima tena bila kugusa kitasa. Volti zikibaki vilevile, ukinzani ni mdogo mno. Zikishuka kutoka volti 2.4 hadi 2, ni omu 2. Duka lolote lenye fundi linaweza kufanya hivyo mteja akiwa bado anamalizia kahawa waliyomkaribisha.